Muhuri, Mizani na Nywila: Habari za Barua katika Nchi ya Nassa na Kalemela

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma kwa barabara kuu, akiisha kuuacha mji wa Magu nyuma yake, huingia nchi ya Busega, ambayo kushotoni mwake lipo Ziwa Nyanza na Ghuba yake ya Speke, na kuumeni mwake yapo mashamba ya pamba na mpunga yaliyochanganyika na malisho ya ng'ombe. Na katika nchi hiyo, jirani na Nassa ya wamisionari wa kale, ndimo ilimo kata ya Kalemela. Hata kufika mwaka 2012 mahali hapa palihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Magu katika mkoa wa Mwanza. Lakini mwezi Machi wa mwaka huo mkoa mpya wa Simiyu ulipoundwa, makao yake yakawekwa Bariadi, Busega ikawa wilaya kwa nafsi yake, na mkulima wa Kalemela aliyelala mtu wa Mwanza akaamka mtu wa Simiyu pasipo kuhamisha hata figa moja la jiko lake.

Nimependa kuandika habari za barua za upande huu kwa sababu vijana wetu wa sekondari hufundishwa leo matumizi ya intaneti na barua pepe kana kwamba mambo hayo yalishuka ghafula kutoka mawinguni, hayana nasaba wala jadi, ilhali kila kiungo cha barua pepe, tangu anwani yake hata nakala yake, kina mzazi katika barua ya karatasi, na kila madhara yanayowapata vijana hao katika mtandao yalikwisha kuwapata babu zao kwa sura nyingine, mbele ya mizani ya pamba.

Neno lenyewe barua tulilipokea kwa Waarabu, ambao kwao asili yake ni hati ya kumtoa mtu katika dhima au kumpa ruhusa. Waraka ni karatasi. Na anwani ni dalili ya nje ijulishayo yaliyo ndani. Miongoni mwa barua za Kiswahili za kale kabisa zilizosalia ni zile zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa katika Bara Hindi. Adabu ya barua za pwani ilikuwa na mpango uliofahamika: mwandishi alianza kwa kumtaja mwandikiwa na daraja yake, akafuatisha salamu, kisha ndipo akaingia katika shauri lililompasa kuandika, na mwisho akaweka jina lake na tarehe. Mtu asiyejua kuandika hakuona haya kumwita katibu amwandikie, maana kalamu yaweza kuazimwa. Walakini muhuri, kwa mwenye kuwa nao, haukuazimwa kamwe. Aliuvaa kidoleni kama pete, akalala nao na kuamka nao, na katibu alipokwisha kuandika, mwenye barua aliukandamiza kwa mkono wake mwenyewe juu ya karatasi. Naomba msomaji auweke muhuri huo katika kumbukumbu, kwani nitaurudia.

Barua zilifika upande wa Nassa pamoja na Wazungu wa kwanza waliokaa. Mwaka 1888 wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society walifungua kituo chao hapo kando ya ziwa, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi karatasi waliyoandikiwa kutoka London ilishuka kwanza melini Unguja, ikavuka hata bara, ikachukuliwa na matarishi na wapagazi katika njia ile ndefu ya misafara kupita Unyamwezi, ikavuka mito ya masika na nchi zenye vita, ikapata kufika baada ya miezi, ikiwa imefika. Aliyeuliza swali katika mwezi wa Rajabu hakutumaini jibu kabla ya mwaka kugeuka. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zilipoanza kuzunguka ziwa, mwendo huo ulipungua ukawa wa majuma. Na mwaka 1909 kituo cha Nassa kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission, ambayo ndiyo shina la kanisa liitwalo leo AIC Tanzania. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mfuko wa posta ukawa na njia ya nchi kavu tangu Dar es Salaam hata ziwani.

Lakini posta kufika Mwanza si posta kufika Kalemela. Mtu wa kijijini hakuwa na sanduku lake, na hata leo walio wengi hawana. Basi barua yake ilipitia kwa mwenye sanduku, ama misheni, ama shule, ama ofisi ya chama cha ushirika, na juu ya bahasha yaliandikwa majina mawili, la mwandikiwa na la yule aliyeombwa hisani ya kumpokelea. Kwa hiyo barua ya mtu ilisomwa juu na wengi kabla ya kumfikia, na aghalabu ilisomwa ndani pia, kwa kuwa asiyejua kusoma alimtafuta mwanafunzi amsomee, na mambo ya mahari, ya deni na ya maradhi yakapita katika kinywa cha mtoto kabla ya kuingia katika sikio la mzazi. Wazee waliishi hivyo kwa uvumilivu mkubwa, na sidhani kwamba tumepata kuwashukuru watoto wale ambao, katika umri wa miaka kumi au kumi na miwili, walikuwa makatibu wa vijiji vizima na wakatunza siri zao.

Hapa sharti niseme habari za pamba, kwa kuwa katika Usukuma pamba ndiyo iliyowafundisha watu thamani ya herufi na tarakimu kuliko kitabu chochote. Mkulima aliipeleka pamba yake kwenye duka la mnunuzi, ikapandishwa mizanini, mnunuzi akasoma uzito, akaandika katika daftari lake, akatoa fedha. Na mkulima, ambaye alijua kwa mabega yake jinsi mzigo ulivyokuwa mzito lakini hakujua kuusoma mshale wa mizani, hakuwa na hoja ya kumshinda mwenye daftari. Manung'uniko hayo ndiyo yaliyozaa ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walisimamisha wapimaji wao wenyewe kuangalia mizani, na kutokana na hatua hiyo, ambayo kwa kuitazama ni ndogo, vikakua vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo makao yake yalikuwa Mwanza na ambayo ilikuja kuwa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Kiini cha ushirika ule, kabla ya viwanda vya kuchambulia pamba na kabla ya magari, kilikuwa jicho la mtu wetu linaloweza kusoma kile kilichosomwa zamani na mtu mwingine peke yake.

Nao makarani wa pamba huenda ndio waliokuwa wa kwanza huku kuijua ile alama ambayo leo kila mwanafunzi huitafuta kwenye kibodi: ile herufi a iliyozungushiwa mkia. Katika madaftari na ankara za Kiingereza alama hiyo ilikuwa na maana ya "kwa bei ya kila kimoja", nayo iliwekwa baina ya idadi ya mizigo na thamani yake. Mwaka 1971 mhandisi wa Kimarekani, Ray Tomlinson, alipokuwa Cambridge katika jimbo la Massachusetts akijaribu kupeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hata nyingine kwa mtandao ulioitwa ARPANET, alihitaji alama ya kutenga jina la mtu na jina la mashine aliyomo, akaichagua hiyo kwa kuwa haikutumika katika jina la mtu yeyote. Kompyuta zake mbili zilisimama chumba kimoja, karibu karibu, na maneno ya ujumbe wa kwanza hata mwenyewe aliyasahau. Lakini tangu siku hiyo anwani ya barua pepe imekuwa na pande mbili kama bahasha ya Kalemela ilivyokuwa na majina mawili: kushoto mwandikiwa, kulia mwenye sanduku.

Serikali ya uhuru iliikuta hali ya kutojua kusoma ikiwa nzito, nayo ikaishika kwa mikono miwili. Tangu 1968 hata 1972, kwa msaada wa UNESCO, mpango wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliendeshwa katika mikoa ya ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na vitabu vya wanafunzi wake, watu wazima wenye mvi, vilitungwa juu ya kazi zao wenyewe, kimojawapo kikiitwa Pamba ni Mali. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Na hesabu ya watu wazima wasiojua kusoma, iliyokuwa asilimia 67 mwaka 1967, ikashuka hata asilimia 39 mwaka 1975. Katika historia ya nchi yetu mimi sijui jambo la amani lililofanywa kwa haraka na kwa heshima kuliko hilo. Mama aliyekuwa akimwita mtoto wa jirani amsomee barua ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam akaifungua mwenyewe, chumbani, mlango umefungwa.

Habari za kompyuta katika Tanzania nitazipitia kwa upesi. Ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hasara na kero zilizotokea katika hesabu za serikali, uingizaji wa mashine hizo nchini ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo haikulegea mpaka miaka mingi baadaye. Jina la nchi yetu katika mtandao, yaani ile .tz imalizayo anwani, liliandikishwa Julai 1995, na mwaka uliofuata huduma ya intaneti ikaanza kuuzwa Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1996 Hotmail ilifungua barua pepe ya bure kwa mtu yeyote duniani, Yahoo ikafuata mwaka 1997, na Gmail mwaka 2004. Na mpaka hapo kijana wa Busega aliyetaka kuandika barua pepe alipaswa kupanda basi hata Mwanza, akakaa katika kafe ya intaneti, akalipia dakika huku jicho lake moja likiwa saani. Julai 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuichukua huduma hiyo hata bara, minara ya simu ikajaa, na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ukasogeza nyaya za umeme kwenye senta za vijiji. Lugha nayo haikulala: wazee waliozoea kuita redio ya polisi na ya misheni simu ya upepo hawakupata taabu kulifahamu jina la barua pepe.

Alhasili, kilichomlazimisha mwanafunzi wa Kalemela kuijua intaneti si starehe wala udadisi, ila ni milango ya elimu yenyewe iliyohamishwa ikawekwa humo. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu 2004 ziliwatoa vijana wengi wa kidato cha nne kuliko wakati wowote. Matokeo ya mitihani ya Taifa yakawa yanatazamwa katika tovuti ya Baraza la Mitihani. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ikaanza kupokea maombi ya nafasi za masomo kwa mtandao, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikafuata njia hiyo hiyo, na baadaye hata maombi ya kazi serikalini yakaingia katika tovuti. Kijana ambaye hajapata kugusa kompyuta miaka yote ya masomo akaambiwa, katika juma lile lile alipomaliza shule, kwamba mustakabali wake wote upo nyuma ya anwani ya barua pepe na nywila.

Hapo ndipo aliporudi katibu wa zamani kwa vazi jipya. Anaitwa mwenye steshenari. Kibanda chake kipo senta, kina mashine ya kutolea kopi, kompyuta moja au mbili, picha za pasipoti zilizobandikwa ukutani na bei za huduma zilizoandikwa kwa kalamu nene. Na wakati wa maombi ya mkopo watu hupanga foleni kwake tangu asubuhi. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa amewafungulia njia maelfu ambao bila yeye wangalikwama, na ujira wake ni halali. Ila itazameni kazi inavyokwenda. Kijana hukaa kwenye benchi na vyeti vyake katika bahasha ya kaki; mwenye steshenari humwuliza majina matatu na namba ya mtihani, humfungulia barua pepe kwa dakika mbili, hubuni nywila iliyo nyepesi kukumbukwa na yeye, aghalabu ile ile aliyompa mteja wa kabla, na pengine huandika namba yake mwenyewe ya simu mahali palipotakiwa namba ya mwombaji kwa sababu ya mwombaji haina chaji. Kijana huondoka na karatasi iliyopigwa chapa, akiamini kwamba shughuli imekwisha.

Baada ya miezi huja ujumbe kwamba kiambatisho fulani hakisomeki, au sahihi ya mdhamini haikuwekwa, na marekebisho yafanywe kabla ya tarehe fulani. Ujumbe umefika, tena kwa nukta moja, bila msafara wala meli ya moshi. Lakini umefika katika sanduku ambalo ufunguo wake upo mfukoni mwa mtu mwingine, ambaye labda amehamia mji wa Lamadi, au amebadili laini, au ana wateja mia tatu na hawezi kumkumbuka huyu. Barua za kale zilipotea njiani baina ya Unguja na Nassa. Hii imepotea nyumbani kwa mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imemkataza mtu kuingia bila idhini katika kompyuta ya mwenzake, na hiyo ni ngao njema. Bali yule aliyeutoa muhuri wake, yaani nywila yake, kwa hiari, kwa sababu hakuambiwa kuwa ni muhuri, hana wa kumshitaki.

Kwa hiyo naona kwamba mafunzo ya intaneti katika shule zetu yangeanzia katika somo la Kiswahili, kwenye kipindi kile kile cha barua rasmi, kwa sababu kila mwanafunzi wa kidato cha pili amekwisha kuandika katika daftari anwani mbili, tarehe, kianzio cha heshima, neno Yah: lenye kupigiwa mstari, kiini cha habari na sahihi. Mwalimu akimwonyesha kwamba ile nafasi ya mada juu ya barua pepe ndiyo Yah: yake, hataiacha tupu tena wala hataandika humo "habari"; akimweleza kwamba nafasi ya nakala ni ile karatasi nyeusi ya kaboni ambayo karani wa mashine ya chapa aliiweka baina ya karatasi mbili ili mkubwa mwingine apate habari, atafahamu nani wa kuandikiwa na nani wa kujulishwa tu, na kiambatisho atakijua kuwa ni kile cheti kilichokunjwa ndani ya bahasha, ambacho mtu mwangalifu hukitazama mara ya pili kabla ya kulamba gundi. Kadhalika atafundishwa kusoma mwisho wa anwani kama karani alivyosoma muhuri wa posta: .go.tz ni ya serikali, .ac.tz ni ya vyuo, na tovuti iliyojivika jina la Bodi ya Mikopo lakini ikamalizikia kwingine haistahili kupewa namba ya mtihani wala shilingi.

Salio la somo ni nywila, ambayo wengi huiita paswedi, na juu yake nisingeona choyo hata kama kipindi kizima kingetumika. Iwe ndefu, isiwe jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa, isifanane na ya mwingine, iandikwe katika daftari lililofungiwa nyumbani ikiwa moyo hauiamini kumbukumbu. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe ya mwenye akaunti au ya mzazi wake. Na mtu akitumia kompyuta ya watu wote asiondoke kabla ya kubonyeza neno la kutoka, vinginevyo ameacha barua zake wazi juu ya benchi. Haya hayahitaji maabara kubwa. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na kishikwambi kimoja chenye bando dogo, kikipitishwa mkono kwa mkono katika darasa, kinatosha kila mtoto afungue sanduku lake kabla ya kuona foleni ya steshenari.

Wazee wa nchi hii hawakuichukia mizani; waliomba tu kusimama upande wa pili na kuisoma. Nami nawaomba walimu wa Busega, na ninyi wenye steshenari wa Kalemela, Nassa, Lamadi na Bariadi, ambao mikononi mwenu zimepita siri za kizazi kizima: mkaribisheni kijana kwenye kiti, mpeni kibodi hata kama atachukua nusu saa kuitafuta herufi moja moja, na atakapofika penye nywila, geuzeni nyuso zenu hata amalize.